Shajara ya mradi: kuba la nyota la idara yetu, Februari hadi Oktoba 2025

15 Februari

Idara imekubali. Kuba letu la kuonyesha nyota kwa projekta (planetariamu) litakuwa la kupuliza kwa feni, kipenyo mita 6, litashonwa hapa hapa Dar es Salaam na kusimamishwa ndani ya ukumbi wa zamani wa maabara ya fizikia. Wazo la kuagiza lililo tayari kutoka ng'ambo tumeliweka kando. Bei yake, usafiri na ushuru vingemeza fungu lote kabla hatujanunua hata darubini moja.

Naandika lengo mapema ili nilisome tena siku kazi itakapotuzonga. Planetariamu ya chuo isiwe mali ya wanafunzi wa fizikia peke yao. Mkazi yeyote wa jiji hili aje Jumamosi jioni, avue viatu, aketi mkekani, aonyeshwe anga la usiku huo huo, kisha atoke nje akalikute. Hilo la kutoka nje ndilo ninalolipigania kwenye kila kikao. Mgeni akiondoka bila kuitazama hata nyota moja ya kweli, tutakuwa tumempa nusu ya tulichomwahidi.

Wenzangu wawili walitaka kujua kama kuna mahali chuo kimewahi kufungulia wananchi milango kwa jambo kama hili. Nikawaeleza habari za Johannesburg. Mtambo wa kwanza wa planetariamu, uliobuniwa na Walther Bauersfeld wa kampuni ya Zeiss, ulionyeshwa Munich mwezi Oktoba 1923. Johannesburg walifungua yao mwaka 1960, kwa mtambo wa Zeiss walioununua kutoka jiji la Hamburg, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand ndicho kilichoilea. Vizazi vya watoto wa shule vimepita chini ya kuba lile. Sisi hatuna mtambo wa Zeiss, ila tuna projekta, kompyuta mpakato, programu ya bure na mafundi wa mtaa wa Gerezani.

9 Machi

Leo tumekata kitambaa. Niandike hesabu kwa ukamilifu, maana wapo walimu wa vyuo vingine walioziomba.

Kuba hukatwa kwa vipande virefu, vipana chini na vyenye ncha juu, vinavyoshonwa ubavu kwa ubavu. Tumechagua vipande 24. Mzingo wa chini wa kuba la mita 6 ni mita 18.85, kwa hiyo kila kipande kina upana wa sentimita 78.5 sakafuni. Urefu wake mpaka kileleni ni robo ya mzingo mzima, yaani mita 4.71. Upana hupungua kwa kufuata kosaini ya mwinuko, yaani pembe kutoka sakafuni ukiipima katikati ya kuba: ukifika nyuzi 30 ni sentimita 68, nyuzi 45 ni sentimita 55.5, nyuzi 60 ni sentimita 39 na kidogo. Ongeza sentimita mbili kila upande za mshono, pateni imekamilika.

Fundi wetu ni mzee aliyeshona maturubai ya malori tangu ujana wake. Alizisoma namba zangu zote bila haraka, akazipima sakafuni kwa kamba na chaki kwa njia yake, zikakubaliana. Kisha akasema, "Mwalimu, hesabu iko sawa, lakini kitambaa kina tabia yake. Tukate kimoja, tukitundike na uzito mpaka kesho, tuone kitavutika kiasi gani. Ndipo tukate vingine."

"Sawa, Mzee. Wewe ndiye unayekijua."

Kile kilichokatwa kwa kufuata uzi hakikuvutika kitu cha kutaja. Kingine tulichojaribu kukikata mshazari kilirefuka kwa zaidi ya sentimita moja, na kwenye kuba sentimita moja ikijirudia mara 24 inazaa mkunjo unaokata nyota katikati. Vyote vimekatwa kwa kufuata uzi, na mabaki mengi yamekwenda. Ni gharama ninayoikubali.

Upande wa nje ni mweusi, wa ndani ni wa kijivu. Watu wengi hudhani ndani panatakiwa weupe wa shuka. Weupe huo hurusha mwanga kutoka upande mmoja wa kuba hadi mwingine, na anga zima hufifia. Makuba mengi makubwa duniani yana rangi ya kijivu kwa sababu hiyo. Kipande cha akiba tulikiwasha moto nje, mbali na karakana, tukaona kinayeyuka taratibu bila kulipuka. Hata hivyo hakuna mshumaa, kiberiti wala sigara itakayokaribia ukumbi ule.

Kazi ilisimama kabla ya magharibi ili Mzee na vijana wake wawahi futari.

29 Machi

Kuba limesimama! Feni imewashwa, kitambaa kikaanza kuhema, na baada ya muda mfupi tukawa na mbingu ya kijivu juu ya vichwa vyetu. Vijana wa mwaka wa pili walipiga makofi. Nami nilipiga.

Tumeanza na usalama kabla ya nyota. Tulizima feni makusudi watu wakiwa ndani. Kuba lilishuka polepole, na kitambaa ni chepesi kiasi kwamba mtoto anakiinua kwa mkono mmoja. Kila mtu aliinua ukingo wa karibu naye akatoka. Zoezi hili litaelezwa kwa wageni kabla ya kila onyesho, kwa sababu umeme wetu tunaujua. Betri na inveta vitabeba feni na projekta, lakini mtu aliyekwisha kuelezwa hashtuki giza likimkuta.

Programu tunayotumia ni Stellarium. Ukiifungua mara ya kwanza inakuweka Paris, na Nyota ya Kaskazini inakaa juu huko. Tulipoihamishia Dar es Salaam, iliteremka mpaka ikazama karibu nyuzi 7 chini ya upeo wa macho, na upande wa pili nyota za kusini zikapanda. Tuliliacha badiliko hilo liende taratibu huku wote tukitazama, na nimeamua litakuwa sehemu ya onyesho la kwanza. Ndani ya dakika moja mgeni anaelewa kwamba anga la vitabuni mara nyingi ni la wengine, na kwamba lake lipo.

Leo pia ilikuwa siku ya swali ambalo kila mwaka hugonga mlango wetu: mwezi utaandama lini? Mwezi mpya ulitimia saa 7:58 mchana, na magharibi ulikuwa na umri wa saa nne na nusu tu. Kwenye kuba tuliuonyesha ukizama dakika chache nyuma ya jua, ndani ya mng'ao ule ule, mahali ambapo jicho haliwezi kuukamata. Kisha tukasogeza mbele hadi kesho yake jioni, mwezi ukaonekana umetengana na jua kwa nafasi ya wazi. Hukumu ya kufunga na kufungua ni ya masheikh, sisi hatuigusi. Kazi yetu ni kuonyesha mwezi uko wapi kila magharibi, na leo hilo lilifanyika vizuri kuliko mchoro wowote niliowahi kuchora ubaoni.

19 Aprili

Kioo. Njia ya gharama nafuu ya kujaza kuba zima kwa projekta moja ya kawaida ni ile iliyoenezwa na Paul Bourke wa Australia: unaielekeza projekta kwenye kioo mbinuko, nacho kinautawanya mwanga kuzunguka kuba lote. Programu huipinda picha mapema ili ikifika ukutani inyooke. Tunatumia kioo cha plastiki cha maegesho ya magari, kile cha kuonyesha kona. Kinafanya kazi, lakini kila nyota kali ina kivuli chake pembeni, kwa sababu mwanga unarudi mara mbili: kidogo kutoka uso wa plastiki na mwingi kutoka rangi ya fedha iliyo nyuma yake. Dawa ni kioo kilichopakwa fedha upande wa mbele. Kimeagizwa.

3 Mei

Onyesho la kwanza la wazi, na masika yamefunga anga lote. Mvua ilianza alasiri haikukata. Nilidhani ukumbi utakuwa mtupu, lakini watu wamekuja na miamvuli, wengine na watoto mgongoni. Hapo nimeelewa kiu iliyopo.

Tuliwaonyesha kilichokuwa juu ya mawingu saa ile ile: mwezi wa robo ya kwanza jirani na Mirihi, na Mirihi yenyewe imelikaribia fungunyota la Mzinga katika kundinyota la Kaa. Taa za ukumbi zilikuwa zinawaka kwa ajili ya waliosubiri awamu ya pili, na mtoto mmoja wa darasa la nne akauliza, "Mwalimu, mbona nyota za kule zimejipanga mstari?" Yalikuwa matundu ya sindano kwenye mishono, mwanga wa nje unapenya. Wiki hii mishono yote inafunikwa kwa utepe mweusi.

Uamuzi mmoja umefanyika leo na sitaubadilisha. Tulikuwa tumeandaa filamu ya bure ya makuba yenye masimulizi ya Kiingereza. Katikati ya awamu ya kwanza tuliinyamazisha, mwanafunzi wetu wa mwaka wa tatu akashika maikrofoni akaanza kueleza mwenyewe kwa Kiswahili. Ukumbi ulibadilika. Mama mmoja akauliza kama nyota zinakufa. Kijana akauliza kwa nini mwezi unaonekana pia mchana. Mwanafunzi alisimamisha anga, akajibu, akaendelea. Kuanzia sasa kila onyesho litasimuliwa na mtu aliye ndani ya kuba, anayeweza kukatizwa. Filamu zitabaki picha za kusaidia.

31 Mei

Anga safi, mwezi mwembamba magharibi. Huu ndio usiku niliouwaza nilipoandika maombi ya fungu.

Mwisho wa Mei, saa 2 usiku, Msalaba wa Kusini husimama wima kusini kwetu, kama nyuzi 37 juu ya upeo. Ukigeuka nyuma, kaskazini, nyota saba kali za Dubu Mkubwa zinakutazama. Mtu wa London haupati huo Msalaba kamwe, na mtu wa Cape Town hawezi kumwona Dubu mzima. Sisi tunavipata vyote usiku mmoja bila kuhama mkekani. Ndani ya kuba tuliwafundisha wageni kurefusha mti mrefu wa Msalaba mara nne na nusu hivi ili waikute ncha ya kusini ya anga, halafu washuke moja kwa moja hadi ardhini. Hapo ndipo kusini. Nilitaka wakalifanye nje wenyewe.

Walipotoka, wengi hawakuona kitu. "Nyota ziko wapi, Mwalimu?" Zilikuwepo. Tatizo ni njia: kutoka ukumbini hadi uwanjani unapita varanda yenye taa kali za ulinzi. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 gizani ili lifungue uwezo wake, na wageni wetu walikuwa wameshaupata ndani ya kuba, kwa dakika 40 nzima. Hatua chache chini ya taa zile zikaufuta wote. Wale waliovumilia uwanjani kwa robo saa walianza kuona, na baba mmoja aliupata Msalaba akawaita watoto wake kwa sauti. Lakini nusu walikuwa wameshaelekea kituo cha daladala.

Nimelala nikiwaza hili. Tumetumia miezi kuandaa ndani na uwanja tukauandaa vizuri, na kipande cha katikati, hatua chache za varanda, ndicho kinachoamua kama mtu ataona. Onyesho letu ni safari moja kutoka mkekani hadi nyasini, na lazima iwe ya giza mwanzo hadi mwisho.

Juni na Julai

Kwa ufupi, maana kazi ilikuwa nyingi na ya kawaida. Unyevu wa pwani umeanza kuota ukungu kwenye lenzi moja ya jicho ya darubini. Lenzi zote sasa zinakaa kwenye sanduku lenye mpira mlangoni na vifuko vya kukausha hewa. Shule zimekuja asubuhi, na kwa kuwa hakuna nyota saa hizo tumewaonyesha Jua kupitia darubini yenye kichujio maalumu mbele ya mdomo wake. Jua limekuwa kwenye kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa 25 (mzunguko wa madoa, wa miaka 11 hivi), madoa yapo tele. Watoto huyachora kwa penseli kwenye duara. Shule iliyorudi baada ya siku chache ilikuta madoa yale yale yamesogea, na watoto wakatuambia wenyewe kwamba Jua linajizungusha.

Majadiliano ya taa yamechukua muda mrefu kuliko ushonaji wa kuba. Walinzi wana hoja ya haki: gizani mtu anaweza kuumia au kuibiwa. Tulichokubaliana ni hiki. Mlango wa nyuma wa ukumbi, uliofungwa kwa miaka, umefunguliwa, nao unaelekea uwanjani moja kwa moja. Taa mbili za upande huo zitazimwa Jumamosi za maonyesho kwa saa tatu, na mlinzi mmoja atakuwa nasi muda wote. Njia imewekewa kamba nyeupe pembeni na tochi ndogo zilizofunikwa karatasi nyekundu ya nailoni, kwa kuwa mwanga mwekundu hafifu hauliharibu jicho lililozoea giza.

2 Agosti

Njia mpya imefanya kazi.

Tulikuwa na kipimo rahisi. Ndani ya kuba tulimfundisha kila mgeni umbo la Nge: kichwa, moyo mwekundu wa Antares, mkia uliojikunja. Msimu huu, baada ya saa moja na nusu usiku, Nge hukaa karibu na utosi. Walipotoka hatukuonyesha kitu kwa leza. Tuliwaomba wanyooshe mikono wao kwanza. Mikono mingi ilikwenda mahali pamoja, pamoja na kwamba mwezi uliovuka robo ulikuwa unang'aa jirani. Kwa anga la Dar es Salaam, lenye mng'ao wa taa za jiji hadi usiku wa manane, nafurahi sana.

Alikuwepo mzee mmoja, nahodha mstaafu wa majahazi, ameletwa na mjukuu wake. Kuketi chini kulimsumbua magoti, kwa hiyo tulimwekea kiti karibu na ukingo. Baada ya onyesho akaniambia, "Mwalimu, nizungushie mpaka Desemba, upepo wa kaskazi umeingia." Nikasogeza. Alikaa kimya akitazama, kisha akaonyesha kwa bakora mahali Suheli inapochomoza kusini mashariki. Akaeleza kwamba nyota unaishika kama dira ikiwa chini, ikipanda sana unaiacha, unachukua nyingine inayotokea mlango ule ule. Nikaendesha saa mbele naye akazitaja zinavyofuatana. Hapa karibu na ikweta nyota huchomoza zikipanda karibu wima, ndiyo maana nyota moja hudumu muda mrefu kwenye uelekeo wake kabla hujaibadilisha. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waligawa upeo wote kwa mafungu 32 kwa njia hiyo, kila fungu na nyota yake ya kuchomoza au kuzama.

Nilimwomba ruhusa turekodi maelezo yake siku nyingine. "Inshallah, mjukuu atanileta." Onyesho la safari za jahazi linaandikwa kuanzia leo, na litakuwa la kaskazi, Desemba na Januari. Mlango wa kuba nao umepewa zipu pana ili kiti cha magurudumu kipite bila kuinama kwenye handaki la kuingilia.

12 Agosti

Alfajiri, Zuhura na Mshtarii zimekaribiana chini ya nyuzi moja. Hatukuandaa kitu rasmi, tuliwatumia watu ujumbe tu jana jioni. Picha zimemiminika tangu saa 11: kutoka vibaraza vya misikiti baada ya swala, kutoka ufukweni Kunduchi kwa wavuvi, kutoka dirishani mwa basi. Simu ya kawaida ilitosha.

7 Septemba

Kupatwa kamili kwa mwezi. Kwa upande wetu saa zilikuwa nzuri kupita kiasi: mwezi unachomoza jua likizama, kivuli kizito kinaanza kuula saa 1:27 usiku, unafunikwa wote kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52, na kivuli kinauachia kabisa saa 4:56. Dakika 82 za giza jekundu, Jumapili, watoto bado macho. Hakuna miwani wala kichujio kinachohitajika, na hilo ilibidi kulirudia sana, kwani wengi huchanganya na kupatwa kwa Jua.

Tulipanga ratiba kwa kufuata msikiti wa jirani. Isha inaingia muda mfupi baada ya kivuli kuanza, na baada yake inaswaliwa swala ya kupatwa kwa mwezi. Tangazo letu lilisema wazi kwamba wanaokwenda kuswali wasihofu kukosa kitu, kupatwa kunadumu karibu saa tatu na nusu. Walikwenda, wakarudi mwezi ukiwa umefunikwa wote, wakaketi na wengine uwanjani. Ulikuwa utaratibu mzuri, nao utabaki.

Kazi ya mikono ilikuwa hii. Kila familia ilipewa karatasi yenye miduara iliyochorwa kwa kifuniko cha soda. Kila baada ya dakika kumi wanachora ukingo wa kivuli unavyoonekana kwenye mwezi. Ukingo huo umepinda, na mpindo ni sehemu ya duara kubwa la kivuli cha Dunia. Baadaye unachukua uzi na penseli, unatafuta duara linalolingana na mpindo wako, unalilinganisha na duara la mwezi. Jibu la kweli ni mara mbili na nusu na ushei. Majibu ya uwanjani yalianzia mara mbili na kuishia zaidi kidogo ya tatu. Aristarko wa Samos, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alichukua mara mbili katika hesabu zake za ukubwa wa Mwezi na Jua. Binti mmoja wa kidato cha pili alipata mbili na nusu. Alirudia kupima mara kadhaa mbele ya kaka yake aliyekuwa anabisha, akaipata tena. Karatasi yake imebandikwa mlangoni mwa ofisi yangu kwa ruhusa yake.

Mawingu ya kusi yalipita makundi kwa makundi. Saa 2:30 kamili mwezi haukuonekana. Watu hawakuondoka. Lilipopasuka wingu, mwezi ulikuwa mwekundu wa shaba, ukingo mmoja na mwanga kidogo zaidi, na nyota zilizokuwa zimemezwa na mng'ao wake zimejitokeza pembeni, Zohali ikiwa chini yake upande wa mashariki. Sauti iliyotoka uwanjani sijui kuiandika.

Kilichonigusa zaidi kilitokea ndani. Tuliliwasha kuba kwa awamu fupi za dakika kumi, na Stellarium tukaihamisha: mtazamaji hayuko Dar es Salaam tena, yuko Mwezini, saa ile ile. Kutoka huko, Dunia ni duara jeusi linalolifunika Jua. Wageni walikaa kimya wakiitazama Dunia yao ikilizima Jua, kisha tukawapitisha mlango wa nyuma, hatua chache gizani, wakainua macho na kuona huko walikokuwa sekunde chache zilizopita kumegeuka kwekundu. Tuliwaeleza rangi inatoka wapi: mwanga unaofika Mwezini umepenya hewa ya ukingo wa Dunia, kote ambako jua linachomoza na kuzama kwa wakati huo, na hewa imeuchuja bluu yake. Baba mmoja alisema, "Kwa hiyo ule wekundu ni magharibi ya watu wote kwa pamoja." Ndiyo, na alfajiri zao.

Hili lisingewezekana kwa kuba peke yake wala kwa uwanja peke yake. Nimeliandika hivyo hivyo kwenye ripoti ya idara.

27 Septemba

Usiku wa Zohali, karibu juma moja baada ya kufika mkabala na Jua, Dunia ikiwa katikati yao. Darubini ya kioo cha milimita 200, ukuzaji mara 120. Mwaka huu pete zake ni msitari mwembamba tu, kwa sababu tarehe 23 Machi Dunia ilipita kwenye bapa la pete hizo na bado tunaziangalia karibu ubavuni. Wageni waliozoea picha zenye pete pana wangeweza kusononeka. Kwa hiyo ndani ya kuba tuliizungusha Zohali miaka mbele mpaka 2032, pete zikafunguka hadi upana wake mkubwa, tukarudi taratibu hadi leo. Walipofika kwenye darubini walijua wanachotafuta, wakauita mstari ule kwa furaha, na wengi wakaiona Titani, mwezi wake mkubwa, kama nukta pembeni.

Kwa kuwa darubini hii haina mota, sayari huvuka uwanja wa kuona kwa takribani dakika moja na nusu. Wanafunzi wetu wamepata mkono wa kuirudisha kati ya mtu na mtu bila kuitikisa. Kwa watoto kuna kiti cha ngazi, na agizo moja: jicho tu, mikono mgongoni. Foleni ilikwenda.

4 Oktoba

Kioo kipya kimefika na kimefungwa. Vivuli vya nyota vimekwisha, na Njia Nyeupe sasa inaonekana na mapengo yake meusi. Tumejaribu onyesho la jahazi mbele ya nahodha, ambaye ametusahihisha mpangilio wa nyota mbili za kuchomoza na kukubali mengine. Usiku, mwezi karibu kujaa ukiwa na Zohali upande wa mashariki, umma uliingia kwa awamu mbili.

Yaliyo mbele: kulipeleka kuba Bagamoyo kwa siku chache, kwenye ukumbi wa shule karibu na ufuko, ambako anga ni jeusi kuliko letu. Mlango wa shule hiyo nimeukagua, unafunguka kuelekea uwanja usio na taa. Kuanza mapema maandalizi ya 2 Agosti 2027, Jua litakapopatwa kikamilifu Luxor na Makka, nasi huku tukapata sehemu mchana. Miwani ya kutazamia Jua ya kiwango cha ISO 12312-2 iagizwe mwaka ujao, kabla haijaadimika. Na kufundisha wasimulizi wapya. Wawili wa mwaka wa pili wataongoza awamu nzima mwezi wa Desemba, nami nitakuwa nyuma kwenye kompyuta, nikizungusha anga wanakoniambia.